Nyamizi na Pikapu Iliyomwitikia Kila Mtu

Asubuhi ile kuku alikuwa ametaga kwenye kofia ya Mageni.

Kofia ilikuwa imelala chali juu ya gunia la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Kuku amekaa ndani, ametulia, anamtazama Mageni kama mwenye nyumba anavyomtazama mpangaji. Nyamizi alikuwa anapuliza moto. Hakugeuka.

"Baba Zipora, kofia imepata mwenyewe."

"Nataka kwenda shambani."

"Si uende."

"Jua litaniunguza."

"Litaunguza nini? Nywele zilishahama zamani."

Mageni alikunywa chai, akala michembe ya karanga, akachukua jembe. Alienda kichwa wazi. Alipofika kwenye ua wa minyaa alimsikia mkewe akicheka peke yake kule jikoni. Hakurudi kumwuliza anacheka nini.

Saa sita aliporudi alimkuta amelala. Nyamizi hakuwa mtu wa kulala mchana. Siku ya tatu walimzika. Ilikuwa Aprili, mwaka tisini na tisa.

Kwenye matanga watu walikuja wengi, wengine kutoka Runzewe, na kila aliyekaa kwenye mkeka alikuwa na habari moja ya kusimulia: habari ya pikapu. Kila mmoja aliisimulia kwa namna yake. Mmoja alisema mwizi alikuwa na hirizi. Mwingine alisema pikapu ilisema kwa mdomo. Mageni alisikiliza tu. Hakusahihisha mtu. Lakini mambo yalikwenda hivi.

Nyamizi alizaliwa Samuye. Baba yake alikuwa na ng'ombe wengi na watoto wa kiume wachache, basi msichana akachunga. Shule hakuiona hata mlango. Ila ukimwonyesha nyayo za ng'ombe ishirini waliopita jana, angekuambia yupi anachechemea, yupi ana mimba, na mchungaji wao alikuwa amelewa au hakulewa. Mageni alimwoa akamleta Kharumwa, na huko Kharumwa Nyamizi akawa mama wa chai na wali kwenye mnada wa mifugo. Alikuwa na banda la nyasi, sufuria tatu, na mdomo. Mdomo ndio uliojaza banda.

Mageni yeye hakuwa na maneno. Siku ya mnada kazi yake ilikuwa kulinda magari ya wafanyabiashara. Alikaa kwenye kigoda, fimbo magotini, akiyatazama magari kama mtu anayetazama mifugo ya jirani: kwa heshima, bila kuelewa yanakula nini.

Mwaka wa tisini na saba, Mohsin akaleta pikapu mpya.

Mohsin alikuwa mnunuzi wa ngozi kutoka Kahama. Baba yake na babu yake nao walinunua ngozi. Alikuwa kijana mkarimu, mnene kidogo, mwenye kupenda vitu vipya. Gari lilikuwa limetumika huko lilikotoka, lakini kwake lilikuwa jipya, na fundi mmoja wa Mwanza alikuwa amelifungia alamu. Mohsin alisimama mbele ya banda la Nyamizi, akatoa mfukoni kidude cheusi, kidogo kama kiberiti.

"Shikamoo, Mama Zipora. Shikamoo, Mzee. Tazameni."

Akabonyeza. Pikapu ikasema twi, taa zikapepesa, milango ikajifunga yenyewe. Akabonyeza tena. Twi. Milango ikafunguka.

"Marahaba," alisema Nyamizi. "Mbona gari lako linalia kama kifaranga?"

"Hii ni rimoti, Mama. Iko moja tu duniani. Fundi ameniapia. Bila hii mlango haufunguki na injini haiwaki."

"Na ufunguo?"

"Ufunguo nimeuacha humo humo ndani, kwenye tundu lake. Nimeshapoteza mara mbili kwenye ngozi. Sasa wa nini tena?"

Nyamizi alimmiminia chai.

"Kwa hiyo umemwekea mwizi wali kabatini, na kijiko juu."

"Kabati halifunguki, Mama Zipora!"

"Haya, tajiri. Kunywa chai, inapoa."

Wiki hiyo hiyo alamu ikaanza vituko. Gari likiguswa likiwa limefungwa lilikuwa linalia, na si twi tena, lilipiga king'ora cha kupasua masikio. Mbuzi mmoja wa mnadani alikuwa anawashwa ubavu. Akaenda kujikuna kwenye bampa.

Sasa huku kwetu sauti ya namna ile inaitwa mwano. Mwano ukipigwa hakuna anayeuliza. Mwenye jembe anaacha jembe, mwenye bia anaacha bia, ingawa huyu wa pili huchelewa kidogo. Sungusungu, walinzi wa jadi, walitoka vijiji vitatu na pinde na marungu, jasho linawatiririka, wakalizunguka gari. Kamanda wao Januari alifika mbele ya wote.

"Nani kaibiwa?"

Watu wakamtazama Mohsin. Mohsin akamtazama mbuzi. Mbuzi aliendelea kujikuna.

Sheria ya mwano wa uongo inajulikana: aliyeupiga analipa beberu. Mohsin alijitetea kwamba hakupiga yeye, limepiga gari. Januari alifikiri, akasema basi gari lilipe. Gari halikuwa na beberu. Mwishowe Mohsin alimnunua mbuzi yule yule aliyejikuna, sungusungu wakamla pale pale, na Nyamizi akawapikia wali.

Baada ya hapo Mohsin alikata waya wa king'ora. Ikabaki twi tu.

Mnada uliofuata alikuja Theonest. Huyu alikuwa mjukuu wa dada yake Mageni, mnunuzi wa dhahabu huko Runzewe, mwenye Korola nyeupe na miwani ya jua. Kwa kuwa alikuwa mjukuu, alimwita Nyamizi mke wake, kama ilivyo desturi, na Mageni alimwita mwenzangu.

"Mke wangu, umekonda. Huyu mzee hakulishi?"

"Ananilisha maneno. Na unajua anavyoyabania."

Theonest alicheka, akageukia Korola yake, akatoa kidude cheusi, akabonyeza. Korola ikasema twi. Na nyuma yake, upande wa pili wa banda, pikapu ya Mohsin nayo ikasema twi, ikapepesa taa.

Mohsin hakuona, alikuwa anapima ngozi. Theonest hakuona, alikuwa na miwani. Nyamizi aliona. Aliweka chini mwiko.

Jioni alimwambia Mohsin. "Tajiri, gari lako limemwitikia mtu mwingine."

Mohsin alicheka hadi tumbo likatikisika. "Mama, hayo ni mambo ya mitambo. Labda mwanga wa jua."

"Mimi mitambo siijui. Ninajua ng'ombe. Ng'ombe anayeitikia mluzi wa kila mchungaji, huyo hana mwenyewe."

Alimwambia na mumewe pia. Mageni alikuwa anavua viatu vya tairi. Alisema, "Mh."

Hiyo mh ilimgharimu.

Ijumaa iliyofuata, siku ya mnada, adhuhuri, Mohsin alikwenda kusali nyuma ya duka la jirani. Koti lake alimwachia Mageni, na rimoti ilikuwa mfukoni mwa koti. Pikapu ilikuwa imejaa ngozi, imefungwa, ufunguo ndani kwenye tundu. Mageni alikaa kwenye kigoda, koti magotini.

Akaja mtu amevaa shati safi. Alitembea bila haraka. Alinyoosha mkono kuelekea pikapu, na pikapu ikasema twi. Akafungua mlango, akaketi.

Mageni alimtazama. Kwa akili yake jambo lilikuwa wazi. Ng'ombe hamfuati asiyemjua. Gari limemwitikia mtu huyu, basi mtu huyu ni wa gari. Labda ni dereva mpya, na labda tajiri ana rimoti mbili. Yule mtu aliwasha. Mbele yake njiani walikuwa wamesimama ng'ombe watano. Mageni, kwa adabu, aliinuka na fimbo yake akawaondoa.

"Asante, Mzee," alisema mwizi.

"Karibu," alisema Mageni.

Pikapu ikaondoka.

Mohsin aliporudi, uso ungali na maji, alisimama pale palipokuwa na gari. Akamtazama Mageni, akalitazama koti, akatazama tena pale pa gari.

"Mzee, gari?"

"Ameliondoa kijana wako."

"Kijana wangu yupi?"

Mageni alilitazama koti magotini mwake.

Mohsin alipiga kelele za mwizi. Hakuna aliyeinuka. Mtu mmoja bandani alisema, "Ni mbuzi wa Mohsin tena," akaendelea kula. Hapo Nyamizi alitoka, akavuta khanga kiunoni, akapiga mwano kwa koo lake mwenyewe. Hilo koo walilijua. Mnada wote ulisimama.

Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, ardhi ilikuwa laini. Nyamizi alifuata alama za magurudumu akiwa mbele ya wanaume, ameinama kidogo, kama alivyokuwa akifanya Samuye. Njia ile yalikuwa yamepita magari manne, lakini tairi moja ya nyuma ya pikapu haikufanana na wenzake, ilikuwa na meno makubwa. "Huyu hapa," alikuwa akisema. "Huyu hapa. Hapa alisimama, akaogopa. Hapa amekata kulia, haijui nchi, mpumbavu." Kila kijiji walichofika walikabidhi nyayo kwa wenyeji, kama za ng'ombe, na wenyeji wakaongozana nao.

Mwizi alikuwa amekata kulia kuingia mbugani. Udongo mweusi wa mbuga, mvua ikinyesha, haumwachi hata punda. Waliikuta pikapu imezama hadi tumboni, mlango wazi, ufunguo kwenye tundu. Mtu hayupo. Alikuwa ameshakimbia kupitia mpunga. Ilibidi wafungwe maksai wanne kuivuta, na watu walisema hawajawahi kuona ng'ombe hai wakivuta ngozi za wenzao.

Gari likapatikana. Mageni ndiye aliyepotea.

Maana watu walikwishaanza kuhesabu. Mlango haukuvunjwa. Rimoti iko moja duniani, na ilikuwa magotini mwa Mageni. Tena wapo watu sita waliomwona akiwaondoa ng'ombe njiani na kumwambia mwizi karibu. Januari alitangaza mkutano kesho yake asubuhi, uwanja wa mnada, na gari liwepo.

Kila mtu alijua mkutano ule ungeishia wapi. Aliyemsaidia mwizi hutengwa. Akitengwa, hakuna wa kumpa moto, wala wa kumchotea maji, wala wa kumsalimia. Akifa, mkewe anachimba kaburi peke yake. Mageni alikuwa na miaka sitini na mbili. Alikuwa amezika wenzake wengi pale Kharumwa kwa mikono yake.

Asubuhi wanaume walikaa kwa duara juani. Wanawake walikaa pembeni kama kawaida. Theonest naye alikuja, Korola ikaegeshwa kando. Januari alimsimamisha Mageni.

"Mzee wetu, sema."

Mageni alisimama, akaegemea fimbo yake.

"Lilimwitikia," alisema.

"Nani?"

"Gari. Lilimwitikia yule mtu."

Akakaa. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake yote. Watu walinong'onezana. Mohsin alikuwa amekaa kwenye kiti alichopewa, anaangalia chini. Hakutaka haya. Alikuwa amekula kwa wazee hawa tangu akiwa kijana mwembamba. Lakini alipoulizwa alisema kweli anayoijua: fundi ameapa, rimoti ni moja tu.

Nyamizi akainuka.

"Kamanda, naomba neno. Moja tu."

"Mama Zipora," alisema Januari, "neno lako moja huwa na watoto."

"Nitawafunga mgongoni. Naomba pikapu ifungwe."

Mohsin alibonyeza. Twi. Milango ikajifunga. Vijana waliivuta, haikufunguka.

"Sasa mume wangu mdogo yuko wapi? Wewe Theonest. Njoo na kidude chako. Usiogope, leo sikutumi mkaa."

Theonest alivua miwani. "Mke wangu, cha kwangu ni cha Korola."

"Nimekuuliza ni cha nini? Bonyeza."

Theonest akabonyeza. Korola ikasema twi. Pikapu ikasema twi, ikapepesa taa, milango ikafunguka mbele ya kijiji kizima.

Wazee wa mbele walirudi nyuma na viti vyao. Mtu mmoja alisema "Yaya!" na mwingine akamwomba Mungu. Mohsin alisimama, akakaa, akasimama tena. Kisha Januari akainua upinde akimwelekezea Theonest.

"Basi mwizi tumempata!"

"Taratibu, Kamanda," alisema Nyamizi. "Jana adhuhuri huyu alikuwa wapi? Alikuwa bandani kwangu. Alikula sahani tatu. Wewe mwenyewe ulikaa naye, mkagombania mfupa. Na yeye si wa shati safi, mtazameni, mchuzi wa jana bado upo."

Januari akaukumbuka mfupa. Akashusha upinde.

"Sasa tajiri," alisema Nyamizi, "wewe nawe bonyeza cha kwako. Elekeza kwenye Korola."

"Mama, haiwezekani."

"Elekeza."

Mohsin alielekeza akiwa amefumba jicho moja. Korola ikasema twi, ikafunguka.

"Haya. Kama kufungua ni kuiba, na tajiri tumfunge kamba. Gari la mnunuzi wa dhahabu ameshalifungua."

Uwanja ulicheka. Mohsin hakucheka. Alikuwa anakumbuka. Alisema polepole kwamba huko kwa fundi aliona boksi zima la vidude vile, vimepangwa kama mayai, vyote vinafanana. Alidhani kila kimoja kina sauti yake. Theonest naye akasema fundi wake ni huyo huyo, na alimwapia kiapo hicho hicho.

"Basi," alisema Nyamizi, "boksi ni la nani na limeuziwa nani, hayo kawaulizeni huko Mwanza. Mtu wa shati safi amechota humo. Mume wangu alisema kweli tangu mwanzo. Gari lilimwitikia. Ningekuwa mimi kwenye kigoda, na sikuona yaliyotokea mnada uliopita, hata mimi ningewaondoa ng'ombe."

Mohsin alikuja akashika mikono yote miwili ya Mageni. "Nisamehe, Mzee." Mageni alisema, "Mh." Tangu siku ile Mohsin alikuwa anaufunga ufunguo shingoni kwa kamba, kama mtoto anayetumwa dukani, na usukani alikuwa anaufunga kwenye mti kwa mnyororo wa ng'ombe. Twi ilibaki ya kuchekesha watoto. Mwizi hakupatikana.

Lakini kabla watu hawajatawanyika, Januari aliuliza swali moja zaidi. Alikuwa mtu wa kumaliza mambo.

"Mama Zipora, tumekubali. Ila rimoti ya tajiri ilikuwa magotini mwa mzee. Angeweza kubonyeza yeye na tusijue. Wewe ulikuwa na uhakika gani tangu jana kwamba siye?"

Hilo lilikuwa swali la kweli, na kutengwa kulikuwa bado kumesimama pale pale karibu na Mageni. Mageni alimtazama mkewe. Alidhani atasema mume wake ni mwaminifu. Alidhani atasema hajawahi kuiba hata suke la mtama. Hata alinyoosha mgongo kidogo ili asifiwe vizuri.

Nyamizi alimtazama kutoka kichwani hadi kwenye viatu vya tairi. Alichosema kiliwafanya wanaume wazima washikane mabega kwa kicheko, na Januari mwenyewe akapiga upinde chini mara tatu, na shauri likafa pale pale, halikufufuka. Mageni alinuna siku mbili. Chakula alikula, ila alinuna. Sasa anayarudia mwenyewe maneno yale, asubuhi, anapowasha moto. Hayajaongezwa wala kupunguzwa:

"Huyu? Kamanda, huyu nimekaa naye miaka arobaini na moja. Kopo la maziwa tu ananiita nimfungulie. Gari alifungue kwa kidole, mimi nisiitwe?"